Mbegu Juu ya Vumbi: Ukame, Kalenda na Makonde ya Wanyamapori nchini Marekani, 1924–1999

Ikisiri

Nchini Marekani, wawindaji na wahifadhi wamezoea kupanda vipande vya ardhi kwa nafaka, kunde na majani ili kuwalisha wanyamapori. Makala haya yanafuatilia historia ya desturi hiyo kuanzia miaka ya 1920 hadi mwaka 1999, yakiongozwa na swali moja: mbegu iingie ardhini lini ikiwa mvua haijanyesha? Hoja inayojengwa ni kwamba swali hilo, ambalo kwa asili ni la mkulima na udongo wake, liligeuka kuwa swali la maana ya maneno. Sheria ya ndege wahamao ilihitaji kutenganisha mbegu na chambo, nayo ikakabidhi kazi hiyo kwa kalenda. Ukame huivuruga kalenda hiyo. Sehemu ya mwisho inaitazama leksika ya Kiswahili, ambayo ina mgogoro wake yenyewe kuhusu punje iliyolala juu ya ardhi.

1.0 Utangulizi

Mkulima anayepanda mahindi kwa ajili ya nyumba yake na mwindaji anayepanda ngano ili ndege washuke shambani mwake wana adui mmoja, nalo ni anga lisilo na wingu. Wote wawili wameshika mbegu mkononi, wote wawili wanatazama upande mvua itokako, na wote wawili wanajiuliza kama wapande leo katika vumbi au wasubiri. Tofauti yao hujitokeza baadaye. Mkulima akikosea, njaa humjia. Mwindaji wa Marekani akikosea, huenda akafikishwa mahakamani.

Kabla ya kuendelea, ni vema kueleza istilahi itakayotumika. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kipande cha ardhi kilicholimwa na kupandwa makusudi ili mazao yake yaliwe na wanyama wa porini. Neno "malisho" humpeleka msomaji kwenye ng'ombe na mbuzi. Neno "kitalu" lingefaa, lakini nchini Tanzania "kitalu cha uwindaji" ni eneo kubwa la pori linalogawiwa kampuni za uwindaji, na kwa mkulima kitalu ni mahali pa kuoteshea miche. "Kitalu cha wanyamapori" kingechanganya yote mawili. Makala haya yanatumia "konde", kwa maana ya shamba lililokwisha kulimwa, hivyo "konde la wanyamapori". Vilevile, mnyama mkuu wa makonde hayo, ambaye hana jamaa wa karibu katika mbuga za Afrika Mashariki, anaitwa hapa "ayala", jina ambalo wasomaji wa Zaburi wanalifahamu, tena katika muktadha wa kiu. Ndege mdogo wa jamii ya njiwa anayewindwa mwanzoni mwa Septemba anaitwa "hua", na yule anayejulikana huko kwa jina la bobwhite anaitwa "tombo".

2.0 Konde kabla halijapata jina

Mwaka 1924 Herbert L. Stoddard alianza uchunguzi wa tombo katika vilima vilivyo kati ya mji wa Thomasville, Georgia, na Tallahassee, Florida. Uchunguzi ulifanywa chini ya idara ya serikali ya utafiti wa viumbe, lakini fedha zilitoka kwa wenye mashamba makubwa, wengi wao matajiri wa Kaskazini waliokuja Kusini kila msimu wa baridi kuwinda. Tombo walikuwa wakipungua, na wenye mashamba walitaka kujua sababu. Kitabu cha Stoddard kuhusu ndege huyo kilichapishwa mwaka 1931 na kikawa msingi wa elimu nzima ya kuwatunza wanyama wa kuwindwa.

Jambo moja katika kazi hiyo halipewi uzito unaostahili katika historia nyingi za uwindaji. Tombo hawakustawi katika msitu usioguswa. Walistawi kandokando ya vishamba vya wakulima wapangaji, wengi wao Weusi, wajukuu wa watumwa, waliolima kwa nyumbu na jembe na kumlipa mwenye ardhi kwa sehemu ya mavuno. Vishamba hivyo vilikuwa vidogo na vya maumbo yasiyonyooka. Magugu yaliachwa pembezoni, nyasi zilichomwa kila mwaka, na punje zilibaki chini baada ya mavuno. Yote hayo yalikuwa chakula na maficho ya ndege. Kwa maneno mengine, konde la wanyamapori lilikuwapo kabla halijapata jina, na aliyelilima hakuwa mwindaji wala hakulipwa kwa kazi hiyo. Wakulima hao walipohamia mijini, na matrekta yalipoingia, wenye mashamba walijikuta wakilazimika kupanda kwa gharama kile walichokuwa wakikipata bure.

Mazao yaliyopandwa yanastahili sentensi chache pia, maana yanafahamika vizuri kwa msomaji wa Kiswahili. Kunde na mtama, ambayo yote yalianza kulimwa na binadamu barani Afrika na kuvuka Atlantiki katika karne za biashara ya watumwa, yalipata nafasi kubwa katika makonde. Mtama ulipandwa kwa ajili ya ndege. Kunde, hasa mchanganyiko wa aina za zamani unaouzwa kwa jina la Iron and Clay, hadi leo hupandwa kwa ajili ya ayala kwa sababu huvumilia joto na udongo maskini. Zao lililosafiri pamoja na watu waliofanywa watumwa linapandwa sasa ili liliwe na mnyama wa kuwindwa kwa starehe. Historia ya kilimo ina mizunguko kama hii, na si kila mmoja unahitaji kufafanuliwa.

3.0 Miaka ya vumbi

Kama Stoddard aliwafundisha wawindaji kupanda, ukame wa miaka ya 1930 uliwafundisha hofu. Mwaka 1934 na mwaka 1936 ilikuwa mibaya kupita kiasi katika nyanda za kati. Tarehe 14 Aprili 1935 dhoruba ya vumbi iliyotia giza mchana kweupe ilipita juu ya nyanda hizo, na kabla ya mwezi huo kwisha serikali ilikuwa imeunda idara ya kuhifadhi udongo. Mabwawa madogo ya kaskazini, ambamo bata wa mwituni huzaliana, yalikauka, na idadi ya bata ikaporomoka.

Hatua zilizochukuliwa zilifuatana haraka. Mwaka 1934 kila mwindaji wa bata alitakiwa kununua stempu ya dola 1; picha ya stempu ya kwanza ilichorwa na Jay N. Darling, mchora vibonzo ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya utafiti wa viumbe. Mwaka 1935 kanuni mpya zilipiga marufuku mambo mawili yaliyokuwa yamezoeleka: kutumia bata hai kama vivutio, na kumwaga nafaka ili kuwavuta bata mbele ya bunduki. Mwaka 1937 Bunge lilielekeza ushuru wa bunduki za kuwindia na risasi kwenye mfuko wa kuwarejesha wanyamapori, na majimbo yakatumia fedha hizo kununua ardhi, kufanya utafiti na kuboresha makazi ya wanyama.

Ni muhimu kuuona mpangilio huo ulivyo. Katika muda wa miaka michache, serikali hiyohiyo ilikataza kuwamwagia ndege chakula na wakati huohuo ikatoa fedha za kuwaboreshea makazi, kupanda chakula kukiwa mojawapo ya njia. Kwa mtazamo wa ndege, punje ni punje. Kwa mtazamo wa sheria, punje moja ilikuwa uhifadhi na nyingine ilikuwa chambo. Katika miaka ya mvua nzuri tofauti hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu mbegu iliyopandwa huota upesi na kuacha kuonekana. Ukame ndio ulioiweka wazi.

Aldo Leopold, ambaye kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu usimamizi wa wanyama wa kuwindwa kilieneza wazo kwamba plau na shoka vilivyoharibu makazi ya wanyama vinaweza pia kuyarejesha, alijifunza habari ya ukame kwa mikono yake. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka huko Wisconsin. Majira ya kuchipua ya mwaka 1936 yeye na familia yake walipanda miche ya misonobari, na kiangazi cha mwaka huo kikaiua karibu yote. Walipanda tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo. Aliyepanda mti ana ruhusa ya kurudia bila kuulizwa. Aliyepanda ngano mbele ya hua, kama itakavyoonekana, hana ruhusa hiyo.

4.0 Saa ya udongo

Ili kuelewa kwa nini ukame ulizua mgogoro wa sheria, ni lazima kwanza kuelewa mbegu inafanya nini katika udongo mkavu. Wazungumzaji wa Kiswahili wana uzoefu mkubwa katika jambo hili. Katika maeneo kadhaa ya Tanzania, kulima ardhi ingali kavu kabla ya mvua kunajulikana kama kitang'ang'a, na wakulima wa maeneo yenye mvua haba wamepanda mavumbini kwa vizazi vingi, wakijua kwamba wanacheza kamari.

Kamari yenyewe ina kanuni. Mbegu iliyofukiwa katika udongo mkavu kabisa haipati madhara makubwa. Hulala na kungoja. Hatari haiko katika ukavu bali katika mvua ndogo, ile inayolowesha sentimita chache za juu na kuiamsha mbegu, kisha jua likarudi kwa wiki mbili. Mche uliokwisha kutoa mzizi hauwezi kulala tena. Ndiyo maana mkulima mwenye busara huiogopa manyunyu kuliko ukame wenyewe.

Kina cha kupanda hubadilisha hesabu hiyo. Ngano na oti hupandwa kwenye kina cha sentimita 2.5 hadi 4, mahali ambapo manyunyu hayafiki kwa urahisi. Klova, ambayo ayala huipenda, ina mbegu ndogo mno. Ikizidi kina cha nusu sentimita na kidogo juu yake, haichomozi. Kwa hiyo haina pa kujificha. Zaidi ya hayo, mbegu za jamii ya mikunde hupakwa bakteria wanaoisaidia mizizi kutengeneza naitrojeni, na bakteria hao hufa upesi wakikaa katika udongo mkavu wenye joto. Anayepanda klova mavumbini huenda akapata mvua baada ya majuma matatu, akaona klova imeota, na asielewe kwa nini inadumaa na kuwa ya manjano. Mbegu ilingoja, bakteria hawakungoja.

Katika majimbo ya kusini-mashariki, tatizo hili hukutana na kalenda mbaya. Makonde ya majira ya baridi hupandwa mnamo Septemba na Oktoba, na katika sehemu kubwa ya Alabama na Georgia mwezi wa Oktoba ndio mkavu kuliko yote katika mwaka wa kawaida. Anayewahi kupanda mwishoni mwa Agosti ili apate unyevu uliobaki wa kiangazi hukutana na viwavijeshi, ambao humaliza konde changa kwa siku chache. Hao ni walewale ambao tangu mwaka 2016 wameripotiwa barani Afrika, na ambao wakulima wa mahindi wa ukanda huu wamewapa jina la viwavijeshi vamizi. Katika makonde ya Georgia hao si wavamizi hata kidogo, ni wenyeji wa bara hilo. Anayechelewa hadi Novemba huwakwepa viwavi, lakini baridi humkuta miche ikiwa bado midogo. Katika ukame mkali wa msimu wa vuli wa mwaka 2016, wawindaji wengi wa kusini-mashariki walikaa na mifuko ya mbegu ghalani wakati ambapo makonde yangekuwa yamekwisha kufunika ardhi.

Njia ya uhakika zaidi ni ile isiyovutia watu wenye haraka: kulima mapema wakati wa kiangazi, kuliacha konde bila zao wala magugu ili mvua za radi za kiangazi ziingie na kuhifadhiwa chini, kisha kupanda katika unyevu huo kwa kugusa udongo kidogo iwezekanavyo. Kila haro inapopita, unyevu hupotea. Mwenye trekta jipya hupenda kupita mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha.

Kuna pia njia ya kumwaga mbegu juu ya ardhi iliyosawazishwa na kuikandamiza kwa rola bila kuifukia. Ni njia rahisi na ya bei nafuu, na kwa mbegu ndogo ni njia halali ya kilimo. Lakini mvua isiponyesha, mbegu hiyo hubaki pale pale ilipoangukia, wazi, kwa siku kumi, ishirini au thelathini. Hua huiona.

5.0 Kalenda yenye nguvu ya sheria

Mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, na sheria ya mwaka 1918 iliyoutekeleza, viliwaweka ndege wahamao chini ya serikali kuu. Kwa mujibu wa mfumo huo msimu wa hua haufunguliwi kabla ya tarehe 1 Septemba. Huo ni wakati ambao katika sehemu nyingi za Kusini mtu anaweza kwa haki kabisa kuwa anaandaa shamba la ngano. Je, ngano iliyo juu ya ardhi asubuhi ya siku ya kwanza ya msimu ni mbegu au ni chambo?

Mtu anaweza kujibu kwamba inategemea nia ya aliyeimwaga. Jibu hilo ni sahihi lakini halimsaidii askari wa wanyamapori aliyesimama ukingoni mwa shamba, kwa kuwa nia haionekani juu ya udongo. Ikabidi kitafutwe kitu kinachoonekana kitakachosimama badala ya nia, na kilichopatikana ni ushauri wa ugani. Tangu mwaka 1914, kwa sheria iliyoanzisha huduma za ugani kupitia vyuo vya kilimo vya majimbo, wataalamu wamekuwa wakichapisha vijitabu vinavyoeleza zao gani lipandwe lini, kwa kiasi gani cha mbegu na kwa njia gani. Vijitabu hivyo viliandikwa kama anavyozungumza bwana shamba: kwa kushauri. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 1999 ziliufanya ushauri huo kuwa kipimo cha sheria. Upandaji wa kawaida wa kilimo, kwa maana ya kanuni hizo, ni ule unaofanywa ili kuzalisha na kuvuna zao, tena kwa kufuata mapendekezo rasmi ya wataalamu wa ugani wa jimbo husika. Punje zilizotawanyika kutokana na upandaji wa namna hiyo haziwi chambo. Punje zilizotawanyika nje ya hapo huwa chambo, na eneo huhesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 hata baada ya punje zote kuondolewa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bunge lilikuwa limelegeza upande mwingine wa sheria. Kwa miongo mingi, katika mahakama nyingi za nchi, aliyewinda juu ya chambo alikuwa na hatia hata kama hakujua chambo kipo. Mahakama ya rufaa yenye makao yake kusini ilikataa ukali huo mwaka 1978, ikataka ithibitishwe kwamba mtuhumiwa alijua au alipaswa kujua. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya msimamo huo kuwa wa nchi nzima. Pamoja na hilo, ilipandisha faini ya juu ya kosa la kawaida hadi dola 15,000. Mgeni aliyealikwa kuwinda akapata nafuu. Mwenye konde, ambaye ndiye aliyeimwaga mbegu na kwa hiyo hawezi kudai kwamba hakujua ipo, hakuipata.

Hapa ndipo ukame unapouma. Kalenda ya ugani imejengwa juu ya wastani wa mvua za miaka mingi. Katika mwaka wa wastani, tarehe na unyevu hufika pamoja, na aliyefuata tarehe amefuata udongo. Katika mwaka wa ukame viwili hivyo huachana. Anayetii kalenda humwaga mbegu juu ya vumbi katika wakati ambao sheria inautambua, ingawa anajua haitaota na kwamba ndege watakula sehemu yake kubwa. Anayeutii udongo husubiri mvua, na mvua ikija nje ya muda uliopendekezwa, upandaji wake wa busara kilimo huonekana mbele ya sheria kuwa si wa kawaida.

Kisha kuna suala la kurudishia. Kila mkulima wa ukanda huu anajua maana ya neno hilo: mbegu isipoota, unarudi shambani na kupanda tena palipo na mapengo. Ni kazi ya kuchosha na ya kutia huzuni, lakini haina aibu. Miongozo ya ugani ya baadhi ya majimbo ya Kusini kuhusu mashamba ya hua huonya dhidi ya kumwaga mbegu zaidi ya mara moja mahali pamoja, kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetaka ndege waendelee kuja. Onyo hilo lina mantiki, kwani wapo waliolima kwa udanganyifu. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba tendo la kwanza ambalo ukame humlazimisha mkulima kulifanya ndilo hilohilo linalomtia shakani.

Kwa bata sheria ni kali zaidi, na inafaa kulisema hili waziwazi kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Konde lililopandwa karibuni kwa ajili ya wanyamapori, likiwa na punje zilizo wazi juu ya ardhi, haliruhusiwi kuwindiwa bata hata kama tarehe ya kupanda ilikuwa sahihi, maana halikupandwa ili zao livunwe. Mbegu ikishaota, tatizo huisha. Hivyo mwindaji wa bata katika mwaka mkavu hangoji mvua kwa ajili ya zao tu. Anaingoja pia ili mbegu yake iache kuwa punje.

Zipo sehemu zilizojaribu kujitoa katika utegemezi huo. Katika hifadhi ya Bosque del Apache, iliyoanzishwa mwaka 1939 kando ya mto Rio Grande huko New Mexico, mahindi hupandwa kwa maji ya mifereji na kuangushwa wakati wa baridi ili korongo na bata bukini wale humo badala ya kuvamia mashamba ya wakulima wa bonde. Kwa muda mrefu wakulima jirani walishiriki kwa kulima lusani yao ndani ya hifadhi na kuwaachia ndege mahindi. Mfereji huondoa kamari ya mvua, lakini hurudisha swali hilohilo kwa sura nyingine mto unapopungua: maji machache yaliyopo yaende kwa nani, na mwezi gani?

6.0 Punje mbele ya Kiswahili

Historia hii haina mfano wake kamili katika Afrika Mashariki, na kuulazimisha kungekuwa kosa. Nchini Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwingineko katika ukanda huu mkulima wa kawaida hajawahi kuwapandia wanyama, amewazuia. Leksika inathibitisha hilo. Kiswahili kina kitenzi "kuamia", yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege na wanyama, na kina "dungu", jukwaa ambalo mwamiaji hukaa juu yake. Nchini Rwanda wazo hilohilo limejengwa kwa mawe na kwa nyaya: ukuta wa mawe unaowazuia nyati wa Hifadhi ya Volkano wasiingie mashambani, na uzio wa takriban kilomita 120 uliokamilishwa mwaka 2013 upande wa Akagera. Kumweleza mtu aliyekesha dunguni kwamba kuna nchi ambako mtama hupandwa makusudi ili uliwe na ndege kunahitaji sentensi nyingi, na pengine kikombe cha pili cha chai.

Lakini mfasiri wa sheria hana hiari ya kuacha. Nyaraka za uhifadhi zinazidi kuvuka mipaka, na mgogoro wa mbegu na chambo ukiingia katika Kiswahili hukutana na maneno yenye tabia zao. "Mbegu" katika Kiswahili ni jina la kusudi. Mahindi yaliyo ghalani ni mahindi. Yaliyotengwa kwa ajili ya kupandwa ni mbegu, hata kama yametoka katika gunia moja. "Chambo" nalo ni jina la kusudi, na asili ya matumizi yake ni ndoana na mtego. "Punje" peke yake ndiyo isiyo na nia: ni umbo tu, kitu kidogo kilicholala mahali. Hivyo Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuamua mapema jambo ambalo kanuni za Marekani ziliazimu kulipima kwa kalenda.

Vitenzi navyo havitoi maficho. "Kupanda" hudokeza kufukia. "Kusia" kumefungamana na kitalu cha miche. "Kumwaga" ndiko kunakoeleza vizuri tendo lenyewe, na wakulima wa mpunga hulitumia bila wasiwasi kwa upandaji halali wa kutawanya mbegu. Lakini sikioni mwa asiye mkulima kumwaga ni kupoteza, ni kinyume cha kupanda. Kitenzi kimoja kinabeba kilimo na ufujaji kwa pamoja, na anayeshtakiwa kwa kumwaga ngano juu ya vumbi angepaswa kwanza kueleza anatoka katika jamii ipi ya wasemaji.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa uamuzi huo. Kanuni zinapozungumzia nafaka iliyo wazi juu ya konde lililopandwa karibuni, mfasiri ana njia mbili fupi. Akiandika "mbegu zilizo wazi", amekubali kwamba zilikusudiwa kuota, na mwenye konde ana hoja ya kuanzia. Akiandika "punje zilizo wazi", amezivua kusudi hilo, na kilichobaki mbele ya hakimu ni chakula cha ndege kilichotandazwa mbele ya bunduki. Katika mwaka wa mvua nzuri maneno hayo mawili yangekuwa sawa, kwa sababu baada ya wiki moja kusingekuwa na kitu cha kukipa jina.